Siku ya roki Embulbul: Yanayotendeka jukwaani na nje ya ua

KWA wakazi wengi wa vitongoji vinavyopakana na jiji la Nairobi, tamasha la muziki wa roki ni kelele inayovuka ua. Huanza kusikika adhuhuri, huzidi magharibi, na ifikapo usiku mzazi aliyelaza mtoto hujiuliza ni nani aliyetoa kibali, ni vijana wa nani wanaoruka humo ndani, na kunafanyika nini hasa.

Maswali hayo matatu ni halali na yanastahili majibu bora kuliko uvumi. Makala haya yanaifuata siku ya tamasha la roki katika uwanja wa wazi, saa baada ya saa, tangu jenereta inapowashwa asubuhi hadi ng'ombe wanaporudi malishoni kesho yake. Mfano wetu ni Embulbul, kitongoji cha Kajiado Kaskazini chenye kila sifa ya kuwavutia waandalizi wa matamasha, na kila sababu ya kuwatia majirani wasiwasi.

Mahali penyewe

Embulbul, au Bulbul kama wengi wanavyopaita, ipo kando ya Barabara ya Ngong, ukishapita Karen na kabla hujafika mji wa Ngong. Abiria wa matatu nambari 111 kutoka katikati ya jiji hupapita kila siku. Kwa mbali vimesimama Vilima vya Ngong, na juu yake mitambo ya kampuni ya KenGen inayozalisha umeme kwa nguvu za upepo. Pako zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hivyo mchana jua ni kali bila joto la kuchosha, na usiku baridi hushuka ghafla.

Mpaka wa kaunti nao una maana. Anayetoka Karen na kuingia Embulbul ametoka Kaunti ya Nairobi na kuingia Kaunti ya Kajiado. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia serikali za kaunti jukumu la kudhibiti kelele pamoja na burudani za umma. Kwa hiyo mwandalizi aliyezoea ofisi za City Hall hana budi kuanza upya kwa maafisa wa Kajiado. Amri ya Nairobi haimfungi huku, na kibali cha Nairobi hakimsaidii.

Ardhi ya eneo hili imebadilika upesi. Ni hapa Embulbul ambapo Rais Uhuru Kenyatta alizindua, Oktoba 2016, ujenzi wa awamu ya pili ya reli ya kisasa, na ilipofika Oktoba 2019 treni zikaanza safari za kuelekea Naivasha zikipita chini ya vilima hivyo kwa njia ya handaki. Mashamba yaliyokuwa malisho yamekatwa vipande vya futi 50 kwa 100, na kila kipande kimeota nyumba. Uwanja mpana ambao ungaliweza kupokea jukwaa, maegesho ya magari na halaiki ya watu sasa umezungukwa na vyumba vya kulala. Hapo ndipo penye kiini cha mgogoro tutakaoueleza.

Asubuhi: nyaya kabla ya nyimbo

Kazi ya tamasha huanza mapema kuliko watazamaji wanavyodhani. Kufikia saa mbili asubuhi jukwaa la vyuma limeshasimama na jenereta inanguruma nyuma yake. Waandalizi hawapendi kutegemea umeme wa gridi, kwa kuwa kukatika kwake kwa dakika moja tu katikati ya wimbo kunaweza kuharibu vyombo na kuchafua hasira za watu waliolipa kiingilio.

Bendi ya kawaida ya roki ina vyombo vichache: gitaa moja au mawili ya umeme, gitaa la besi, seti ya ngoma, na mwimbaji. Pengine kinanda huongezwa. Hata hivyo kila ngoma huwekewa maikrofoni yake, na kila gitaa hupitia amplifaya yake kabla sauti haijafika kwa fundi wa sauti, anayekaa katikati ya uwanja akiwa na meza yenye vitufe kadhaa wa kadhaa. Huyo ndiye mwanamuziki asiyeonekana. Akikosea, bendi hodari husikika kama vyuma vinavyoburutwa barabarani.

Zoezi la kupima sauti huchukua muda mrefu na kuwachosha wapita njia. Mpiga ngoma hugonga ngoma moja hiyo hiyo mara 20 au 30, huku fundi akirekebisha. Kisha besi, kisha magitaa, kisha sauti ya mwimbaji. Bendi kuu, ile itakayopiga mwisho, ndiyo hupimwa kwanza, na bendi changa itakayofungua jukwaa hupimwa mwisho. Hivyo vyombo vyake hubaki jukwaani vikiwa tayari kwa mwanzo.

Uwanja wa wazi una hila zake. Sauti husafiri kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde. Mtazamaji aliyesimama mita 100 kutoka jukwaani humwona mpiga ngoma akishusha kijiti, kisha huusikia mdundo baada ya karibu theluthi ya sekunde. Ndiyo sababu katika viwanja vikubwa mafundi husimamisha spika nyingine katikati ya uwanja na kuzichelewesha kwa makusudi, ili sauti yake ilingane na ile inayowasili kutoka mbele. Asiyejua hilo hudhani spika hizo zimewekwa kwa ajili ya kuongeza kelele tu.

Adhuhuri: bendi changa na asili ya sauti

Milango hufunguliwa karibu saa sita. Wa kwanza kuingia ni marafiki na ndugu za bendi changa, ambazo hupewa dakika 20 au 30 kila moja huku jua likiwa utosini. Wengi hukaa nyasini, wamevaa fulana nyeusi zenye majina ya bendi za ng'ambo. Kati ya bendi moja na nyingine hupita nusu saa ya kuhamisha nyaya, na katika nusu saa hiyo wauza chakula hupata riziki yao.

Anayesikia roki kwa mara ya kwanza huuliza mbona gitaa linakwaruza. Jibu lake ni kwamba linakwaruza kwa makusudi. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, na kutokana na ukataji huo huzaliwa sauti nyingine ndogondogo zinazolifanya gitaa lingurume. Mwaka 1964, Dave Davies wa bendi ya Uingereza iitwayo The Kinks alichana spika ya amplifaya yake kwa wembe ili apate mkwaruzo alioutaka. Leo kazi hiyo hufanywa na kisanduku kidogo kinachokanyagwa kwa mguu.

Wapo wanaosema huu ni muziki wa Wazungu. Historia haikubaliani nao. Roki ilizaliwa Marekani katika miaka ya 1940 na 1950 kutokana na bluzi na nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi, na miongoni mwa waasisi wake wamo Sister Rosetta Tharpe, aliyepiga gitaa la umeme akiimba nyimbo za injili, pamoja na Chuck Berry na Little Richard. Wazungu waliupokea baadaye, wakaukuza na kuuza.

Afrika Mashariki nayo haikukaa pembeni. Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury wa bendi ya Queen, alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946. Jijini Dar es Salaam, bendi ya Sunburst iliundwa mwaka 1970 na ikachanganya roki na midundo ya Kiafrika. Albamu yake, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976, na ilitolewa upya mwaka 2016 na kampuni ya Strut. Nchini Zambia, katika miaka hiyo hiyo ya 1970, bendi kama WITCH, Amanaz na Ngozi Family ziliunda mtindo unaoitwa Zamrock, ambao miongo minne baadaye ukawa unatafutwa na wakusanyaji wa sahani za santuri duniani kote.

Tena gitaa lenyewe si mgeni kwetu. Wazee waliocheza twisti ya Daudi Kabaka katika miaka ya 1960, au waliosikiliza benga ya D. O. Misiani na Shirati Jazz, waliukuta ufundi wa nyuzi za umeme muda mrefu kabla ya vijana hawa kuzaliwa. Benga na roki zinatofautiana mno kwa mapigo na kwa lugha, lakini katika zote mbili gitaa huja mbele na kusema kama mwimbaji wa pili. Babu anayelalamikia gitaa la mjukuu wake huenda akakumbuka kuwa na lake liliwahi kulalamikiwa.

Alasiri: wenyeji wa jukwaa

Kuanzia saa tisa alasiri uwanja huanza kujaa, na bendi zenye jina hupanda. Roki ya Kenya haijawahi kuwa na wafuasi wengi kama wa injili, gengetoni au muziki wa lugha za kienyeji, lakini imedumu. Kwa miaka mingi ililelewa na maonyesho ya usiku katika ukumbi wa Carnivore, na katika redio kituo cha X FM cha Nairobi kilikuwa makao yake hadi kilipoondoka hewani. Baada ya hapo mashabiki wamekuwa wakikutana kwa jitihada zao wenyewe, katika kumbi za kukodi na viwanja vya wazi.

Bendi ya Parking Lot Grass ilijipatia heshima kwa kuimba roki kwa Kiswahili, jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani. Murfy's Flaw ilimweka mwanamke mbele ya maikrofoni katika fani iliyotawaliwa na wanaume. Last Year's Tragedy ilishika upande mzito zaidi, ule wa metali, ambapo mwimbaji hunguruma badala ya kuimba. Duma, kundi la watu wawili kutoka Nairobi, lilitoa albamu yake mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala na kusikilizwa Ulaya kuliko nyumbani.

Mzazi anayeuliza vijana hawa huimba nini anaweza kuanzia kwa Crystal Axis, bendi ya panki ya Nairobi. Wimbo wao mmoja huitwa Nyayo House, jina la jumba la serikali ambalo vyumba vyake vya chini vilitumiwa kuwatesa wapinzani katika miaka ya 1980, na ambavyo vilifunguliwa kwa umma mwaka 2003 baada ya mabadiliko ya uongozi. Mwingine huitwa Leopold, unaomhusu mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo kuwa mali yake binafsi. Hayo ni masomo ya historia, japo mwalimu wake anapiga kelele.

Ni wakati huu wa alasiri ambapo mgeni huona jambo linalomtisha kuliko yote. Mbele ya jukwaa vijana huunda duara, kisha hukimbia ndani yake wakigongana mabega na kusukumana. Kwa mbali ni kama vita. Ukikaribia utaona mchezo huo una kanuni ambazo hazijaandikwa popote: anayeanguka huinuliwa papo hapo, asiyetaka kusukumwa husimama pembeni, na anayepiga ngumi hutolewa nje. Michubuko haikosekani, na mwandalizi makini huweka wahudumu wa huduma ya kwanza na gari la wagonjwa karibu.

Tuhuma nyingine ni nzito zaidi. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliteua tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Kanisa Katoliki. Ripoti yake iliwekwa wazi mwaka 1999. Waliokuwa vijana enzi hizo wanakumbuka jinsi nywele ndefu, fulana nyeusi na gitaa linalonguruma vilivyotosha kumfanya mtu ashukiwe mitaani. Bendi nyingine hutumia mafuvu na misalaba iliyopinduliwa kama mapambo, na hilo huwaudhi waumini kwa haki. Lakini pambo la kuudhi si ibada. Mzazi anayeitazama fulana pekee huenda akapitwa na hatari zilizo halisi, nazo ni masikio, pombe na barabara ya kurudi nyumbani.

Hesabu ya masikio

Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki hakipandi kama shilingi. Kila desibeli 3 zinazoongezeka humaanisha nguvu ya sauti imekuwa maradufu. Wataalamu wa afya kazini hukubali desibeli 85 kwa muda wa saa nane kwa siku. Zikiwa 88, muda salama huwa saa nne. Zikifika 94 hubaki saa moja, na zikifika 100 hubaki dakika 15 tu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kiwango cha kimataifa cha usikilizaji salama katika kumbi na matamasha. Linataka wastani wa sauti usizidi desibeli 100 katika kila dakika 15, vizibo vya masikio vipatikane, na pawepo mahali tulivu pa kupumzisha masikio. Mtu anayekaa mbele ya spika kutwa nzima, tangu saa saba mchana hadi usiku, amepita kiasi chake mara nyingi.

Uharibifu wake hauna tiba. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo vinavyogeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa ubongo, na vikifa havioti tena. Mlio unaobaki masikioni usiku wa tamasha ni onyo. Dawa yake ni rahisi: vizibo vya masikio, kusimama mbali na spika, na kutoka kwa mapumziko kila saa. Wanamuziki wengi wakongwe huvaa vizibo hivyo, na shabiki anayewacheka atawaelewa akifika umri wao.

Magharibi: ukuta wa baridi

Jua likizama nyuma ya Vilima vya Ngong, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Bendi kuu hupanda, na hewa hupoa. La pili ndilo lisilofahamika na wengi.

Mchana ardhi huwa na joto kuliko hewa ya juu, na hali hiyo huipinda sauti kuelekea angani. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa kwanza, hewa ya chini ikawa baridi kuliko ya juu, na sauti ikapindwa kurudi chini. Matokeo yake ni kwamba spika zile zile, zikiwa na nguvu ile ile, husikika mbali zaidi usiku. Upepo nao huongeza kwa upande unakoelekea. Mdundo wa besi ndio msumbufu mkubwa, kwa kuwa hupenya kuta na madirisha ambayo yangaliizuia sauti ya mwimbaji.

Tufanye hesabu. Katika uwanja wa wazi sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapokuwa maradufu. Ikiwa ni desibeli 100 mita 20 kutoka jukwaani, itakuwa 94 mita 40, 88 mita 80, 82 mita 160, 76 mita 320 na 70 mita 640. Mtu aliye umbali wa zaidi ya kilomita moja bado atapata kama desibeli 64. Miti, majengo na mwinuko wa ardhi hupunguza, lakini baridi ya usiku hurudisha sehemu ya kilichopunguzwa.

Linganisha na sheria. Kanuni za kudhibiti kelele na mitikisiko za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinaruhusu desibeli 50 nje ya nyumba katika maeneo ya makazi mchana, na 35 usiku. Usiku wa kanuni hizo huanza saa mbili na dakika moja. Yaani saa ile ile bendi kuu inapopanda, kiwango kinachoruhusiwa hushuka, na hakuna tamasha la roki linaloweza kukitimiza karibu na nyumba za watu.

Kanuni hizo zimeacha mlango. Mwandalizi anaweza kuomba kibali cha muda cha kutoa sauti iliyozidi kiwango. Lakini kibali kisichotangazwa kwa majirani huzua chuki, na chuki hiyo huweza kuwa na nguvu za kisiasa. Mwishoni mwa 2022, serikali ya Kaunti ya Nairobi chini ya Gavana Johnson Sakaja ilifuta leseni za vilabu vya usiku katika maeneo ya makazi baada ya malalamiko ya wakazi. Wamiliki walilia, wakazi wakashangilia. Kajiado haifungwi na uamuzi huo, lakini wapiga kura wake wana masikio kama wa Nairobi.

Njia ya busara inajulikana. Jukwaa lielekezwe upande usio na nyumba. Spika nyingi ndogo zisambazwe badala ya mbili kubwa kupiga kelele kutoka mbele. Besi ipunguzwe baada ya magharibi. Mtu mmoja mwenye kipimo cha desibeli azunguke nje ya ua, na nambari ya simu ya kulalamikia ipewe kila nyumba wiki moja kabla. Zaidi ya yote, ratiba isogezwe nyuma, bendi kuu ipande saa kumi na moja jioni na kumaliza saa mbili. Mashabiki watanung'unika mara ya kwanza, kisha watazoea kama walivyozoea mechi za alasiri.

Nani hulipwa

Kiingilio kinacholipwa mlangoni huonekana kingi kwa anayehesabu vichwa. Hesabu nyingine hufanyika nyuma ya jukwaa. Kodi ya uwanja, jukwaa, spika, jenereta na mafuta yake, walinzi, vyoo vya kukodi, gari la wagonjwa, leseni za kaunti na ada ya hakimiliki hulipwa kwanza. Anayebaki mwisho wa foleni ni mwanamuziki.

Roki ina mzigo wa ziada. Msanii wa kawaida wa Nairobi anaweza kufika na sidii au kijisanduku cha kumbukumbu, akapewa maikrofoni na kuimba juu ya muziki uliorekodiwa. Bendi ya watu wanne au watano haiwezi. Inahitaji gari la vyombo, mazoezi ya wiki kadhaa, nyuzi na vijiti vinavyokatika, kisha ujira ugawanywe mara tano. Ndiyo sababu wapiga roki wengi wetu ni walimu, wahasibu na mafundi wa kompyuta kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Hata hivyo muziki wa kupigwa moja kwa moja una soko, ukipata mwandalizi mvumilivu. Tamasha la Sauti za Busara limefanyika Zanzibar tangu mwaka 2004 likishikilia kwamba kila msanii apige moja kwa moja. Hapa nyumbani Muthoni Ndonga alianzisha Blankets and Wine mwaka 2008, akawazoesha wakazi wa Nairobi kukaa nyasini na kusikiliza bendi mchana kutwa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo tamasha la roki, lakini yote mawili yamethibitisha kwamba Mwafrika Mashariki hulipia bendi.

Kuhusu nyimbo za wengine, sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 iko wazi. Bendi inayopiga wimbo wa mtunzi mwingine mbele ya umma inatumia mali ya mtu, na mwandalizi anapaswa kuwa na leseni ya mashirika ya kukusanya mirabaha yanayosimamiwa na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Bendi zinazopiga nyimbo zao wenyewe nazo zijiandikishe, la sivyo jasho lao litagawiwa wengine.

Kesho yake

Tamasha likiisha, hatari kubwa ni barabara. Matatu hupungua usiku, nauli hupanda, na madereva waliokunywa hutoka wote kwa mlango mmoja. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18, na mlinzi wa mlango asiyeuliza kitambulisho anaiweka leseni ya mwajiri wake hatarini. Mwandalizi anayekodi mabasi ya kuwarudisha watu mjini hununua usalama kwa bei nafuu.

Kisha zimebaki nyasi. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilipunguza tatizo, lakini chupa, vifuniko na vifungashio bado huachwa, na katika nchi ya wafugaji takataka ni hasara ya mtu anayejulikana kwa jina. Ng'ombe aliyemeza plastiki hufa polepole, na mwenyewe hatakuwa na wa kumshtaki.

Katika hilo kuna funzo kutoka Uingereza. Tamasha la Glastonbury lilianza mwaka 1970 katika shamba la ng'ombe wa maziwa. Kiingilio kilikuwa pauni moja, na aliyelipa alipewa maziwa ya bure. Likakua likawa miongoni mwa makubwa zaidi duniani, lakini shamba limebaki shamba. Kila baada ya miaka kadhaa, kama ilivyokuwa mwaka 2018 na 2026, tamasha husimamishwa ili ardhi ipumzike. Mwenye shamba aliona mapema kwamba akiipoteza nyasi atapoteza vyote viwili, maziwa na muziki.

Embulbul ina nyasi chache zaidi kila mwaka. Kila kipande kinachouzwa huongeza jirani mwenye haki ya kulala, na hupunguza mahali ambapo kijana mwenye gitaa anaweza kusikika. Hakuna sheria itakayowapatanisha hao wawili ikiwa hawajakutana mezani kabla ya jukwaa kusimamishwa. Heri kujenga ujirani kuliko kujenga ukuta, na ukuta wenyewe, kama tulivyoona kwa hesabu, hauzuii besi.